Kabugho Aliomba Ruhusa Mara Arobaini na Sita

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya shule yetu, Afande Byamukama, Mkuu wa Shule, Mama Vasta, ndugu wajumbe wa Bodi, wachungaji na makatekista, walimu wetu, wazazi mliotoka Karambi, Nyakiyumbu na ng'ambo ya mpaka, wanafunzi wenzangu, na wewe ambaye sherehe hii ni yako lakini utaratibu umekuweka mwisho, Mwalimu Jonan: hamjambo, na poleni kwa jua.

Nimeanza na mwenye cheo kikubwa nikashuka ngazi kwa ngazi hadi kwa Mwalimu, kama desturi inavyotaka. Naomba muikumbuke ngazi hiyo. Nitaipanda tena kabla sijakaa.

Naitwa Evas Ithungu. Niko kidato cha tano, na ni katibu wa Klabu ya Kompyuta. Wanaonijua wanajua kwamba sisemi mbele za watu. Darasani nikiulizwa swali naliandika jibu kwenye daftari, na jirani yangu ndiye hulisoma kwa sauti. Basi kwa nini nimechaguliwa mimi? Nililisikia jibu nikiwa nje ya dirisha la ofisi. Mmoja wa wakubwa alisema, "Evas hana maneno mengi. Atasoma kilichoandikwa." Na kweli nilipewa ukurasa. Huu hapa mfukoni, umekunjwa mara nne. Unasema kwamba Mwalimu Jonan ametutumikia kwa uaminifu kwa miaka sita na kwamba tunamtakia kila la heri huko aendako. Maneno yote yaliyomo ni ya kweli. Ila yamekatika katikati, kama daraja la Nyakiyumbu.

Mtaniuliza pia kwa nini Kiswahili, wakati hotuba za shule hii husomwa kwa Kiingereza. Ni kwa sababu ndiyo lugha ambayo Afande huamrisha kwayo, na ndiyo lugha ambayo mwenzetu Caleb amemlilia mama yake kwayo. Nataka wote wawili wanielewe bila mkalimani.

Ndugu wageni waalikwa, Mwalimu Jonan alizaliwa Kyarumba, kule ambako njia zimesimama wima na kahawa hushuka mlimani juu ya kichwa cha mtu. Siku ya kwanza ya klabu hakuwasha kompyuta hata moja. Alituambia habari za baba yake. Mzee yule, akiwa kwenye shamba la maharage, akisikia mto umebadilisha sauti, aliweka viganja mdomoni akapiga ukelele. Mtu wa kilima cha pili hakuuliza, "Nani huyo, na ana cheo gani?" Alitega sikio, akatazama upande wake, akaona maji yamegeuka matope, naye akapiga. Wa kilima cha tatu hivyo hivyo. Ukelele ulifika bondeni kabla ya maji, na katika mlolongo ule wote hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeuona mto mzima.

Mwalimu akachora vilima sita ubaoni. "Haya," akasema, "mto mzima uko kichwani mwa nani?"

"Mwa mwenyekiti!" mmoja akajibu kutoka nyuma.

Tulicheka. Mwalimu naye alicheka, kisha akasema, "Mwenyekiti naye yuko bondeni, ndugu yangu. Anaona bonde."

Ndivyo tulivyoanza somo linaloitwa mifumo ya mawakala wengi. Ukitaja wakala hapa mpakani, watu humfikiria yule wa simu anayekaa chini ya mwavuli. Katika kompyuta, wakala ni kitu chochote kinachotazama kwa macho yake, kikaamua kwa akili yake ndogo, kikatenda bila kusubiri mkono wa mtu. Wakala mmoja ni mjinga. Lakini ukiweka wengi, ukawafundisha kuulizana, kuaminiana kwa kiasi na kubishana bila kugombana, wanajua kwa pamoja jambo ambalo hakuna hata mmoja wao analijua peke yake. Hiyo ndiyo akili bandia iliyogawanywa. Wengine wanatengeneza akili bandia kubwa inayojibu kila kitu kutoka mahali pamoja. Mwalimu wetu alipenda hii ndogo iliyotawanyika, kwa sababu, alisema, hii ilishaishi Kyarumba kabla ya umeme.

Tukatengeneza visanduku sita. Kila kimoja kilikuwa na jicho la kupima kina cha maji, kumbukumbu, redio ya kusemezana na jirani zake, kipande cha sola na king'ora. Caleb ndiye aliyeunganisha nyaya zote, maana mkono wake hautetemeki. Tukavifunga kwenye nguzo kando ya kijito cha Kathoma, kutoka vilima vya juu vya Karambi hadi kwenye daraja huko Nyakiyumbu. Kanuni ilikuwa fupi. Kisanduku kikiona maji yanapanda, kinawauliza majirani: nanyi mmeona? Jirani mmoja tu akikubali, ving'ora vyote sita vinalia. Hakuna mkubwa wa kuombwa.

Wiki ya kwanza kisanduku cha pili kiliwatangazia wenzake mafuriko mchana kweupe, kijito kikiwa kimekauka hadi mawe. Kumbe mbuzi alikuwa anajikuna kwenye nguzo. Lakini king'ora hakikulia, kwa sababu jirani wa juu na jirani wa chini wote walijibu, "Kwetu hakuna kitu." Mwalimu alifurahi kuliko siku zote. Alisema, "Mmeona? Hata mwenzao akikosea, hawamkati ulimi. Wanamsikia, kisha wanatazama wenyewe."

Sasa nafika mahali ambapo kosa lilizaliwa, na nataka ijulikane kwamba lilizaliwa mikononi mwangu.

Wageni ambao si wa milima hii huenda hawajui kwamba jina la Mkonzo hutaja nafasi yake katika uzao. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu, wa sita Kyakimwa. Mimi ni wa tano. Nyumbani kwetu nakula baada ya wanne, nasema baada ya wanne, na mara nyingi zamu yangu ikifika chakula kimekwisha na maneno yamekwisha. Visanduku vilikuwa sita, na mimi, kwa utani tu, nikavipa majina hayo kuanzia juu mlimani. Masika kileleni. Kyakimwa darajani.

Mama yake Caleb, marehemu Mama Laurentine, alikuja kututazama tukimfunga Kyakimwa. Wengi wenu mlimfahamu: alitoka upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, wakati wa vita, akauza vitenge na unga wa mihogo hapa kwetu, na mihogo yake aliiloweka kwenye mawe yaliyo chini ya daraja. Akashika kiuno.

"Eh, batoto ya masomo! Hii redio yenu inaimba wimbo gani?"

"Haiimbi, Mama. Inaangalia maji."

"Mayi inaangaliwa? Miye naangalia haya mayi kila siku, na hakuna mutu anapiga miye foto!"

Tulicheka hadi Caleb akaangusha bisibisi majini. Mama Laurentine akaiokota, akamfuta mwanawe uso kwa upindo wa kitenge, akarudi kwenye mihogo yake.

Mwezi uliofuata ilikuwa siku ya maonyesho, hapa hapa uwanjani. Afande, ulisimama mbele ya meza yetu ukauliza, "Nani mkubwa hapa?"

"Hakuna mkubwa, Afande," Mwalimu akajibu. "Wanasikilizana."

"Hakuna mkubwa? Jeshi gani hiyo?"

Watu wakacheka. Ukasoma majina ya visanduku kwenye mchoro wetu. "Huyu Masika si ndiye wa kwanza? Sasa Kabugho anaropoka namna gani mbele ya dada yake? Mmechukua majina yetu, mkaacha adabu yetu."

"Afande, Masika yuko juu sana. Kati ya Biira na Kabugho kuna korongo linaloingia kutoka kilima kingine. Maji ya korongo lile Masika hawezi kuyaona."

"Mwalimu. Amri inatoka juu, inashuka chini. Basi."

Na uwanja mzima ukapiga makofi. Nisimsingizie Afande kwamba alikuwa peke yake. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika, akina mama walisema, "Hapo sawa," na baba yangu mzazi alipiga makofi hadi kofia ikamdondoka. Nani kati yetu hakulelewa hivyo? Nani kati yetu hajawahi kupigwa kibao kwa kusema la kweli kabla ya mkubwa wake?

Mwalimu alikataa kubadilisha kanuni. Aliandika maelezo ya kurasa tatu, yenye mchoro wa korongo, akayapeleka ofisini. Wiki hiyo hiyo akatumwa Kasese kwenye semina ya siku mbili. Alhamisi, nikiwa peke yangu chumba cha kompyuta, uliingia, Afande.

"Wewe ndiye unajua hii kitu?"

"Mwalimu hayupo, Afande."

"Nimeuliza Mwalimu? Weka adabu kwa hii mashine. Leo."

Niliandika mistari minne. Mistari minne tu, nikaituma kwa redio hadi kwenye visanduku. Ilisema kwamba kisanduku chochote kikiona maji yanapanda, kwanza kimwombe Masika ruhusa. Masika akisema kwake kumetulia, kinyamaze, kisha kiombe tena baada ya nusu dakika. Nilijua kwamba ni kosa. Vidole vyangu vilijua. Lakini mimi ni Ithungu, na Ithungu husubiri.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya soko Mpondwe. Hapa Bwera jua lilikuwa linawaka. Mvua ilinyesha juu ya kile kilima cha pembeni, ikaingia korongoni, na kutoka korongoni ikamfikia Kabugho.

Mwalimu wa zamu, naona umesimama. Naomba uniache. Nimebakiza kurasa mbili.

Visanduku vina kumbukumbu, na kumbukumbu ile nimeichapa. Naisoma kama ilivyo. Saa nane na dakika kumi na moja mchana, Kabugho: maji yanapanda, Masika, niseme? Masika: kwangu kumetulia. Saa nane na dakika kumi na tatu, Mbambu: maji yanapanda, Masika, niseme? Masika: kwangu kumetulia. Kwa kanuni ya Mwalimu, dakika ile ya kumi na tatu Mbambu angemkubalia Kabugho, na ving'ora sita vingelia bonde zima. Badala yake wakaendelea kuomba. Ithungu aliomba mara tatu, kisha nguzo yake ikazolewa. Kabugho hakuchoka. Aliomba kila nusu dakika, mara arobaini na sita, na mara arobaini na sita Masika akamjibu kwamba kumetulia. Na Masika, ndugu zangu, hakusema uongo hata mara moja. Kwake kulikuwa kumetulia kweli.

Saa nane na dakika thelathini na nne maji yalifika darajani. Mama Laurentine alikuwa ameshuka kuitoa mihogo yake. Kutoka kwenye mawe yale hadi barabarani ni hatua sitini, nimezihesabu. Je, mtu anahitaji dakika ishirini na moja kupanda hatua sitini? Angeweza kupanda, akarudi kuchukua beseni, akapanda tena, akasimama juu akatutukana kwa utani wake.

Walimpata Jumapili, baada ya ibada.

Kamati ikaundwa, ikaongozwa na Afande mwenyewe. Nilikuwemo chumbani kama katibu, nikishika daftari la mahudhurio. Mjumbe mmoja akauliza, "Nani aliweka hii kanuni ya kuomba ruhusa?" Mwalimu alikuwa ameshaifungua kumbukumbu, alikuwa ameshaona ni siku gani iliwekwa na kwa jina la nani. Hakunitazama. Alisema, "Kila kilichomo kwenye visanduku kiko chini yangu."

Afande, hukusema kitu. Nami sikusema kitu. Nilisubiri mkubwa aanze.

Jioni nilimfuata Mwalimu nyumbani kwake, nikilia, nikamwambia nitakwenda kusema. Alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Evas, una mtihani mwakani. Mimi yangu nilishafanya." Akanipa ndizi nimenye naye.

Ripoti ikaandikwa. Inasema kwamba maafa yalitokana na "hitilafu ya mashine na uzembe wa mwalimu mhusika." Jumatatu inakwenda kwa wanaomwajiri, na mtu mwenye maneno hayo kwenye faili lake hasimami tena mbele ya ubao. Hilo ndilo tunalolisherehekea leo kwa soda na chapati. Tumeliita kuaga. Tumemfungia na zawadi: saa ya ukutani. Mliompa saa, mlifikiri? Mtu ambaye onyo lake lilipokonywa dakika ishirini na moja mnampa saa azitazame zikipita?

Siku tatu baada ya mazishi Caleb alinijia kisimani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya.

"Evas. Ile kasanduku ya Kabugho, iliona mayi?"

"Iliona."

"Sasa juu ya nini ilinyamaza?"

Nilijaza mtungi, nikajitwika, nikaondoka. Caleb, uko pale nyuma karibu na lango. Nakujibu leo, mbele ya watu hawa wote. Ilinyamaza kwa sababu niliiandika inyamaze. Niliamriwa, nikatii, na nilijua. Mwalimu Jonan hakuandika hata herufi moja ya mistari ile. Aliandika kurasa tatu za kuipinga, na kurasa hizo zilipokelewa ofisini zikapigwa muhuri. Siombi unisamehe hapa, ambapo utaona haya kukataa. Nitakuja nyumbani kwa mjomba wako, nami nitakaa chini.

Afande, najua kitakachofuata. Mtasema msichana huyu amechanganyikiwa kwa msiba. Mtaichukua karatasi hii. Pengine kesho sitakuwa mwanafunzi wa shule hii. Naogopa. Lakini Mwalimu alitufundisha jambo moja kuhusu mifumo ya mawakala wengi ambalo bado sijawaambia. Mfumo uliojengwa vizuri haufi kisanduku kimoja kikizimwa. Ithungu alizolewa na maji, na Kyakimwa aliendelea kuandika hadi mwisho.

Kwa hiyo kumbukumbu hii sikuipeleka juu. Nimechapa nakala sita, pamoja na kurasa tatu za Mwalimu zenye muhuri. Wanafunzi sita wanazo tangu asubuhi. Wawili ni wa Karambi, mmoja wa Kyarumba, wawili wa Nyakiyumbu, mmoja anavuka mpaka leo hii. Kila mmoja ataisoma mahali pake, kwa sauti, kwa watu wake, Jumapili hii kabla ya ile Jumatatu. Hakuna anayejua wenzake wataisomea wapi. Hakuna anayenisubiri mimi. Hata sasa nikibadili nia na kuwaomba wanyamaze, hawana kanuni ya kunitii.

Ile mistari minne niliifuta juzi. Ving'ora viko huru tena, vitano vilivyobaki.

Sasa naipanda ngazi, kama nilivyoahidi. Asante, Mwalimu Jonan, uliyebeba kosa langu mgongoni kama gunia la kahawa; liweke chini sasa, ni langu. Asanteni wenzangu, hasa sita. Asanteni wazazi, na Baba, usiinamishe kichwa. Ulipiga makofi kwa sababu hukujua, nami nilijua. Asanteni walimu wetu, wachungaji na makatekista, na ninyi wajumbe wa Bodi. Asante, Mama Vasta, ambaye muhuri ule ni wako, na ambaye unaweza bado kusema kwamba uliuona.

Na wewe Afande Byamukama, wa juu kabisa, nimekuweka mwisho si kwa dharau. Nimekufikia kama maji yalivyomfikia Kyakimwa, baada ya kupita kwa wengine wote. Asante kwa kunisikiliza bila kunipa ruhusa.